Unalipia Nini Unaponunua Tiketi ya Tamthilia?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu gharama ya kwenda kutazama michezo ya kuigiza, na barua zilizotufikia zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Anayezijibu si mwelekezi wala mhakiki wa chuo kikuu, bali ni mtazamaji wa kawaida anayekata tiketi kwa fedha zake mwenyewe, akaketi anapopata nafasi, kisha akarudi nyumbani kwa matatu kama wengine. Maoni ni yake, na msomaji ana haki ya kuyapinga.

Msomaji wa Embakasi, Nairobi, anauliza:

Bwana Mtazamaji, mwezi uliopita nilimpeleka mke wangu kutazama mchezo wa kuchekesha katikati ya jiji, na tiketi ilikuwa shilingi 1,000 kwa kila mmoja wetu. Tangazo lilisema mchezo ungeanza saa kumi na mbili unusu, lakini ulianza saa moja na nusu, na saa tatu tulikuwa nje tukitafuta gari, nauli nayo imeshapanda. Filamu ingekuwa nafuu zaidi na ingeanza kwa wakati wake. Je, waigizaji wetu hawatutozi kupita kiasi?

Jibu:

Ndugu yangu, umeleta malalamiko mawili katika barua moja, nami nitayatenganisha. La kwanza ni bei, na hapo siko upande wako. La pili ni saa nzima uliyopotezewa, na hapo niko upande wako kabisa.

Filamu hutengenezwa mara moja, kisha nakala yake ikaonyeshwa katika kumbi nyingi kwa wakati mmoja, wahusika wake wakiwa wamelala kwao. Mchezo wa jukwaani hufanywa upya kila jioni na watu walewale, na hapa Nairobi vikundi vingi hupata ukumbi kwa wikendi moja tu, kuanzia Alhamisi au Ijumaa hadi Jumapili, kabla ya kikundi kingine kuingia. Kodi ya ukumbi, mafundi wa taa na sauti, maleba, mabango, nauli za waigizaji, pamoja na wiki kadhaa za mazoezi ambazo mara nyingi hakuna anayezilipia, vyote vinatakiwa kurudishwa na maonyesho hayo machache. Linganisha na London, ambako mchezo wa *The Mousetrap* wa Agatha Christie ulianza kuonyeshwa mwaka wa 1952, mwaka uleule ambao Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo wa Kenya ulifunguliwa, na ukiacha kusimama kwake wakati wa korona kati ya 2020 na 2021, bado unaendelea hadi leo. Gharama ya kuandaa jukwaa lao ilishalipwa zamani. Kikundi chetu hubomoa jukwaa Jumapili usiku, mbao zikapakiwa kwenye pikapu, na mchezo huo huenda usionekane tena.

Kwa hiyo mimi huwa siulizi kama shilingi 1,000 ni nyingi. Huuliza nimelipia nini, na baada ya miaka mingi ya kukaa gizani nimeamua kwamba kitu hasa ninachokinunua ni mazoezi. Kuna mchezo mmoja niliotazama ambamo mama na binti yake walikuwa wakigombana kuhusu hati ya shamba huku wakikunja shuka lililotoka kuanuliwa. Kila walipolikunja walilazimika kusogeleana ili mmoja ampe mwenzake pembe zake, kwa hiyo maneno yalivyozidi kuwa makali ndivyo nyuso zao zilivyozidi kukaribiana, hadi tusi zito kuliko yote likatamkwa kwa sauti ya chini mikono yao ikiwa imegusana. Jukwaani hapakuwa na kitu kingine ila kamba ya kuanikia na beseni. Vifaa vile havikuwagharimu chochote, lakini kulinganisha mkunjo na neno namna ile si jambo la jioni moja wala mbili. Muda si mrefu baadaye nililipa zaidi kutazama mchezo wenye makochi ya mahameli na kabati la vioo, ambamo mwigizaji aliinua simu na kusema "halo" kabla haijalia, akairudisha, ikalia, akaiinua tena. Hadhira ilicheka sana. Mimi nilihesabu hasara.

Ukitaka kujua kabla ya kulipa, kuna dalili. Uliza kama mchezo umewahi kuonyeshwa kwingine, maana uliorudishwa jukwaani kwa kawaida umeshakomaa. Tazama kama tangazo linamtaja mwandishi na mwelekezi, au linaonyesha tu sura ya mchekeshaji maarufu wa televisheni, kwa kuwa tangazo la namna ya pili mara nyingi linakuuzia sura hiyo na si mchezo. Onyesho la kwanza kabisa mimi hulikwepa, kwa sababu ndilo ambalo waigizaji wengi hulitumia kumalizia mazoezi yao kwa fedha za watu. Onyesho la Jumapili alasiri, palipo nalo, ndilo ninalolipenda zaidi: waigizaji wameshazoea jukwaa, na wewe na mkeo mtapata matatu ya kurudi Embakasi kabla nauli ya usiku haijaanza.

Kuhusu kuchelewa, sababu inayotolewa kila mara ni kwamba watazamaji bado wako kwenye foleni ya magari. Ni kweli wako huko, lakini wako huko kwa sababu wamejifunza kwamba mlango hautafungwa, na anayeadhibiwa ni yule aliyetoka kazini mapema. Kikundi kinachotoza shilingi 1,000 kinapaswa kuanza kwa saa iliyotangazwa na kuwaacha wanaochelewa wasubiri nje hadi sehemu ya kwanza ya mchezo iishe. Mweleze hivyo, kwa heshima, mtu wa mezani anayeuza tiketi. Usimngoje mwigizaji mlangoni umlalamikie yeye, maana huenda naye alikuwa nyuma ya pazia tangu saa kumi, amevaa na kupakwa rangi, akingoja kama wewe.

Mama wa Kisauni, Mombasa, anauliza:

Mwanangu yuko Kidato cha Tatu, na shule imetuomba shilingi 400 kwa ajili ya kikundi kitakachokuja kuigiza tamthilia wanayoisoma, *Bembea ya Maisha*. Kitabu nimekwisha kununua, na mwongozo wake pia. Nikiongeza fedha hizo ninanunua nini ambacho kitabu hakina?

Jibu:

Mama, swali lako ni la haki, na jibu langu ni kwamba utanunua sauti, kikundi kikiwa kizuri. Tamthilia imeandikwa ili isemwe, na kijana anayeisoma kimyakimya, akikariri maudhui na mbinu za uandishi kutoka kwenye mwongozo, anaweza kumaliza kitabu kizima bila kugundua kwamba mhusika fulani husema jambo moja huku akimaanisha jingine. Akimsikia mwigizaji mzuri akisita kabla ya neno moja, atalielewa onyesho lile kuliko angesoma kurasa kumi za uchambuzi.

Lakini nimeona vikundi vya shule vya kila namna. Vingine huzunguka shule kadhaa kwa siku moja, kwa hiyo hukatakata tamthilia hadi ikatosha katika saa moja, kisha huongeza vichekesho ili wanafunzi mia kadhaa waliobanwa katika bwalo la chakula wasisinzie. *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege inaumia vibaya kwa utaratibu huo, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake iko katika ugonjwa wa Sara na mzigo unaowaangukia mumewe Yona na watoto wao. Mambo hayo huhitaji utulivu. Mwigizaji asiye na mazoezi hukimbilia kukohoa. Anakohoa anapoingia, anakohoa anapoketi, anakohoa kila mwenzake anaposahau maneno, na wanafunzi huondoka wakimwiga yeye. Lililo baya zaidi ni kwamba mzaha uliobuniwa na kikundi hubaki kichwani kuliko maneno ya mwandishi, na siku ya mtihani mtahiniwa huuandika kama hoja kutoka kitabuni.

Basi, kabla ya kulipa, mpigie mwalimu wa Kiswahili na umwulize kama tamthilia itaigizwa nzima au kwa muhtasari, kama kuna mwalimu wa idara aliyewahi kukiona kikundi hicho, na kama kutakuwa na muda wa wanafunzi kuwauliza waigizaji maswali baadaye. Akikujibu vizuri, lipa bila kinyongo, kwa kuwa shilingi 400 kwa mchezo kamili ni bei ambayo hata mimi ningeipenda. Akisitasita, shauri kwamba wanafunzi wenyewe waigawane tamthilia na kuisoma kwa sauti darasani, wakisimama na kutembea, kila mmoja na mhusika wake. Hilo halina malipo, na mara nyingi humsaidia zaidi yule mwanafunzi asiyenyoosha mkono darasani.

Msomaji wa Eldoret anauliza:

Je, viti vya mbele vinavyouzwa kwa bei ya juu vina faida yoyote?

Jibu:

Vina faida kwa anayetaka kuonekana ameketi mbele. Jukwaa la kumbi zetu nyingi limeinuka, na ukikaa safu ya kwanza utaona viatu vizuri sana, lakini itakubidi ugeuze shingo kila waigizaji wawili wanaposimama pande mbili tofauti. Mimi huchagua katikati ya ukumbi, au nyuma kidogo ya katikati, kwa tiketi ya kawaida, na fedha zilizobaki hununulia chai wakati wa mapumziko. Ninaacha nafasi kwa jambo moja tu: kama ukumbi una mwangwi mbaya na kikundi hakitumii vipaza sauti, sogea mbele, lakini usilipe zaidi kwa kosa ambalo si lako.

Msomaji wa Kinondoni, Dar es Salaam, anauliza:

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana ninayependa maigizo, lakini hapa Dar naona zaidi ni usiku wa vichekesho, ambapo mtu mmoja anasimama na kipaza sauti, na kiingilio chake si kidogo. Ninaambiwa niridhike kwa kuwa hiyo nayo ni sanaa ya jukwaani. Je, kuna mahali ninapoweza kuona tamthilia hasa, bila kutumia mshahara wote?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mchekeshaji anayesimama peke yake anafanya kazi ngumu, wala simdharau, lakini wewe unataka kuona watu wawili wakisikilizana mbele yako, na hicho ni kitu kingine.

Panda gari uende Bagamoyo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iliyoko pale, ambayo wengi tunaiita TaSUBa, ilianza kama chuo cha sanaa mwaka wa 1981, na wanafunzi wake husomea maigizo, ngoma, muziki na sanaa nyinginezo. Kuna tamasha lake la kila mwaka, ambalo huwavuta wageni wengi, ila mimi ningekushauri uulizie pia maonyesho ya wanafunzi nje ya msimu wa tamasha. Mwanafunzi anayeigiza mbele ya mwalimu atakayempa alama amefanya mazoezi kuliko wakongwe wengi wa mjini, kwa sababu hana jina la kumfichia makosa. Utamwona mwenye sauti inayotetemeka, na dakika tano baadaye utamwona mwingine ambaye utajisifu miaka ijayo kwamba ulimtazama akiwa bado chuoni.

Ukiwa mjini, fuatilia matangazo ya idara inayofundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana kazi za wanafunzi huonyeshwa kwa hadhira, na hadhira hiyo mara nyingi ni wanachuo wenzao tu kwa kuwa mtu wa Kinondoni hakupata habari. Wapigie simu. Nauli ya daladala haitakutisha.

Msomaji aliyeko London anauliza:

Ninafanya kazi ya uuguzi hapa London, na kila ninapofungua ukurasa wa tiketi za michezo ya West End, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo, ninakutana na pauni 90, pauni 120. Nyumbani Mombasa fedha hizo ni karo. Wenzangu wa kazini wanasema kuishi London bila kwenda kutazama mchezo ni kuipoteza London. Je, wana haki?

Jibu:

Dada, wana haki kuhusu michezo, lakini wamekosea kudhani kwamba lazima uingilie mlango wa pauni 90.

Anzia ukumbi wa Shakespeare's Globe, kando ya mto Thames, uliofunguliwa mwaka wa 1997 kwa kuiga ukumbi wa zama za Shakespeare. Mbele ya jukwaa kuna uwanja usio na paa ambamo watazamaji husimama, na nafasi hizo kwa miaka mingi ziliuzwa kwa pauni 5. Hata leo bado ni miongoni mwa nafasi za bei nafuu katika jiji hilo. Utasimama saa mbili au tatu, hairuhusiwi kukaa chini mchezo ukiendelea, na mwavuli haufunguliwi, kwa hiyo ukienda chukua koti la mvua na viatu vyako vya zamu, ambavyo wewe muuguzi unavijua thamani yake. Malipo yake ni kwamba mwigizaji atakuwa mbele yako kiasi cha kukutazama machoni, jambo ambalo mwenye kiti cha pauni 90 katika ghorofa ya pili ya ukumbi mwingine hatalipata.

Jukwaa hilo si geni kwa lugha yetu. Mwaka wa 2012 Globe ilialika michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37, na *The Merry Wives of Windsor* ukachezwa kwa Kiswahili, Mrisho Mpoto wa Tanzania akiigiza mhusika mkuu, Falstaff. Ninaitaja kwa sababu ya faida yake kwako: kinachowachosha wengi katika Shakespeare ni Kiingereza chake cha kale, nawe unaweza kujitayarisha kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri *Juliasi Kaizari* (*Julius Caesar*) na *Mabepari wa Venisi* (*The Merchant of Venice*), na mchezo mmoja kati ya hiyo ukitangazwa, soma tafsiri yake kwenye treni siku chache kabla. Utacheka kabla ya walio kando yako, ambao wengi wao hawaelewi zaidi ya nusu, ingawa hawatakiri.

Kwa michezo mingine, pale Leicester Square kuna kibanda cha TKTS, kilichoanza mwaka wa 1980, kinachouza kwa punguzo tiketi ambazo hazijanunuliwa. Hakikisha ni kibanda chenyewe, kwani maduka ya jirani nayo hujitangaza kuwa yana punguzo. Zamu zako pia ni mtaji, maana maonyesho ya alasiri katikati ya wiki huwa na nafasi wakati wenye kazi za ofisini wako mezani. Ukiona tiketi ya bei ya chini mno, soma maandishi madogo, kwa sababu huenda ni kiti kilicho nyuma ya nguzo. Mimi nisingekikataa kiti hicho kwa mchezo wa maneno, lakini kwa mchezo wa nyimbo na densi ningekiacha.

Msomaji wa Kisumu anauliza:

Binamu yangu ni mwigizaji, na kila mara ananipa tiketi ya bure. Hivi karibuni amenuna kwa sababu sijawahi kulipa. Nimemkosea nini?

Jibu:

Vikundi vingi hugawana kinachobaki baada ya kodi ya ukumbi kulipwa, kwa hiyo kila kiti unachokalia bure kinapunguza fungu lake. Alikupa tiketi ya kwanza ili aone kama utarudi kwa fedha zako. Mtumie bei ya tiketi kwa simu leo, kabla hajakwambia habari za mchezo ujao, na siku ya mchezo nenda na rafiki ambaye naye atalipa. Mwambie binamu yako pia ukweli kuhusu alivyoigiza, maana mtu asiyelipa huona aibu kukosoa, naye huenda anakuhitaji kwa hilo kuliko kwa fedha.

Msomaji wa Nakuru anauliza:

Tulikuwa katikati ya mchezo umeme ukapotea. Baada ya dakika kumi hivi tuliambiwa twende nyumbani, na aliyeandaa mchezo akasema kwamba fedha hazirudishwi kwa kuwa tulikuwa tumeshaona nusu. Je, hiyo ni sawa?

Jibu:

Si sawa. Umeme kupotea katika nchi yetu si ajali isiyotarajiwa, na mwenye kuandaa mchezo ana wajibu wa kuuliza mapema kama ukumbi una jenereta na kama ina mafuta. Niliwahi kuona waigizaji wakimaliza mchezo kwa mwanga wa simu za watazamaji wa safu mbili za mbele, wakisogea ukingoni mwa jukwaa ili waonekane, na walimudu kwa sababu walikijua kila kituo cha kusimama na kila neno bila kutegemea taa. Kikundi chenu hakikujaribu, nami nina shaka kama kingeweza.

Usidai fedha zote ikiwa kweli uliona nusu ya mchezo na uliifurahia. Dai kuingia bure katika onyesho jingine la mchezo huohuo, au nusu ya kiingilio kama hakuna onyesho jingine. Mwandikie aliyeandaa, kwa adabu, ukiambatanisha ujumbe wa M-Pesa wa siku ile. Asipojibu katika wiki moja, peleka ujumbe huohuo pamoja na tangazo la mchezo kwa msimamizi wa ukumbi, kwa kuwa yeye ndiye atakayeamua kama kikundi hicho kitapewa tena wikendi, na barua tano za watazamaji wenye risiti hawezi kuzifumbia macho.